Kabla ya Shahada: Katekista, Lugha na Mafunzo ya Huduma ya Kanisa Nchini Rwanda

Sheria ya mwaka 2018 kuhusu mashirika ya kidini nchini Rwanda iliwataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo hayo. Walipewa miaka mitano kutimiza sharti hilo. Katika mitaa kama Kabeza, jirani na uwanja wa ndege wa Kigali, suala hili si la nadharia: mchungaji aliyefundisha kwa miaka mingi alijikuta akitafuta nafasi ya kuwa mwanafunzi. Makala haya hayapingi sheria hiyo. Yanauliza swali la kihistoria: je, katika Rwanda, mafundisho ya kanisa yalibebwa na nani, na kwa lugha gani?

Mapadri Weupe walipoanzisha misheni ya Save mwezi Februari 1900, hawakufika peke yao. Walifuatana na makatekista Waganda, ambao kwa miaka ya mwanzo ndio waliokuwa karibu zaidi na wanafunzi. Kiswahili nacho kilikuwapo tangu mwanzo, ingawa kwa mashaka. Kilikuwa lugha ya utawala wa Wajerumani. Mwami Musinga alijifunza, na vijana wa ikulu ya Nyanza walifundishwa lugha hiyo shuleni. Hata hivyo, wamisionari wengi walikiona kuwa njia ya kupitishia Uislamu, wakakiweka pembeni ya katekisimu. Kwa upande mmoja uamuzi huo ulikuwa na manufaa ambayo sisi wapenzi wa Kiswahili hatupendi kuyakiri: mwanafunzi wa Kinyarwanda alifundishwa kwa Kinyarwanda, na aliyefundishwa aliweza kumfundisha jirani yake bila mkalimani.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mrefu. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, aliagiza kwamba maandalizi ya ubatizo yachukue miaka minne. Mwanafunzi alisikiliza, alirudia, aliulizwa, na mwenendo wake ulitazamwa na watu waliokuwa wakiishi naye. Mwenye kutazama, mara nyingi, alikuwa katekista wa kilimani, mtu mwenye elimu ndogo ya darasani lakini aliyejua ni nani amegombana na nani.

Utaratibu huo ulielemewa katika miaka ya 1930. Wabelgiji walimwondoa Musinga mwaka 1931 na kumweka mwanawe, Rudahigwa. Machifu waliingia kanisani, na watu wao wakawafuata kwa makundi makubwa hivi kwamba wamisionari wenyewe waliyaita mambo hayo kimbunga. Seminari Kuu ya Nyakibanda ilifunguliwa mwaka 1936, lakini mapadri hawapatikani kwa mwaka mmoja wala miwili. Wanafunzi waliongezeka upesi kuliko walimu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye kiini cha historia hii, kuliko katika majina ya maaskofu yanayojaza vitabu vyetu.

Katika miaka hiyohiyo, huko Gahini, kituo cha Waanglikana mashariki mwa nchi, njia nyingine ilijaribiwa. Blasio Kigozi, Mganda aliyefundisha wainjilisti hapo hadi kifo chake mwaka 1936, alikuwa miongoni mwa viini vya Uamsho ulioenea hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Abarokore, yaani waliookoka, walijifunza katika vikundi vidogo: mtu alikiri kosa lake mbele ya wenzake, nao wakamjibu. Aliyekuwa mwanafunzi leo aliweza kuwa shahidi kesho, awe mtumishi wa hospitali au mwalimu.

Lakini haitoshi kuisifu njia yoyote kati ya hizo. Sensa ya 1991 ilionyesha kuwa takriban asilimia 90 ya Wanyarwanda walikuwa Wakristo. Miaka mitatu baadaye watu waliuawa ndani ya makanisa ya Ntarama, Nyamata na Nyarubuye, na baadhi ya wauaji walikuwa wamepita katika madarasa ya ubatizo yaleyale waliyopita waliouawa. Walikuwamo pia viongozi wa dini wenye elimu ya juu walioshtakiwa na kuhukumiwa. Mtafiti anayepima ufanisi wa mafundisho kwa idadi ya waliobatizwa, au kwa cheti cha aliyefundisha, hana budi kusimama hapo kwa muda mrefu.

Mjadala mwingi uliofuata sheria ya 2018 ulihusu majengo, kelele na shahada. Lugha haikuzungumzwa sana. Elimu ya juu ya teolojia nchini ilikua kwa Kifaransa, kama ilivyokuwa katika Shule ya Teolojia ya Butare iliyoanzishwa mwaka 1970, na sasa Kiingereza kina nafasi kubwa. Mchungaji husoma kwa lugha moja na kuhubiri kwa nyingine. Tafsiri anaifanya mwenyewe, jioni, bila kamusi ya istilahi. Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi nchini tangu 2017 na kinachozungumzwa na wengi waliorejea kutoka Kongo, Burundi na Tanzania, kina istilahi za teolojia zilizokwisha kujengwa katika vyuo vya Tanzania na Kenya.

Washauri wa sera wanaopitia upya mafunzo haya wangeweza kuanza na mtu ambaye sharti la shahada halimgusi: mwalimu wa darasa la ubatizo pale Kabeza, ambaye si kiongozi kisheria, na ambaye ndiye anayekutana na mwanafunzi kila juma.