Maziwa ya Nyayo na chakula cha shuleni

Desemba 1973 Rais Jomo Kenyatta alifuta karo ya darasa la kwanza hadi la nne, na shule zilipofunguliwa Januari zilifurika. Wanafunzi wa msingi, waliokuwa kama milioni 1.8, walipita milioni 2.7. Wengi hawakudumu. Ada ya ujenzi ilishika nafasi ya karo, na hata ilipolipwa, mtoto aliyetoka nyumbani bila kunywa uji alifika darasani na njaa yake. Amri ile ilishughulikia ada ikasahau hali ya mtoto mwenyewe.

Mwaka 1979 Daniel arap Moi alianza kuwagawia wanafunzi wa msingi maziwa bure, pakiti ya pembe tatu yenye mililita 200. Mwaka huo idadi yao ilipanda kutoka karibu milioni 3 hadi kama milioni 3.7. Karo iliyosalia ilifutwa kipindi hichohicho, kwa hiyo sifa yote haiwezi kwenda kwa maziwa. Wapo pia wanaosema ilikuwa siasa tupu ya rais mpya aliyetaka kupendwa, na kweli hata jina, maziwa ya Nyayo, lilitokana na kaulimbiu yake. Hilo silikatai, ila nia ya mtoaji haikupunguza lishe iliyokuwamo. Kasoro ninayoiona mimi ni nyingine: maziwa yalitolewa kama hisani ya rais, hayakuhesabiwa kuwa gharama ya kufundisha kama chaki na mshahara wa mwalimu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafadhili waliposhinikiza wazazi wachangie gharama za elimu, kisha kampuni ya maziwa ya KCC nayo ikayumba, hisani hiyo haikuwa na wa kuitetea. Miaka ya 1990 ikielekea ukingoni, pakiti zilikuwa zimetoweka.

Katika maeneo kame, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikuwa likishirikiana na serikali kuwapa wanafunzi chakula cha mchana tangu 1980. Kuanzia 2009 serikali ilianza kuzipelekea baadhi ya shule pesa badala ya magunia, ili kamati zao zinunue mahindi na maharagwe karibu, na 2018 ikakabidhiwa mpango mzima. Husemwa kwamba kumlisha mtoto ni wajibu wa mzazi, na serikali ikiuchukua mzazi atalegea. Lakini katika shule hizo wazazi ndio waliotafuta kuni na maji, na mara nyingi ndio waliomlipa mpishi. Kinacholegea ni hazina: fedha zikichelewa, sufuria haipandi jikoni. Jijini Nairobi, tangu 2023, mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma hulipa shilingi 5 kwa mlo na gharama nyingine hubebwa na kaunti na washirika wake. Ni nafuu kubwa kwa familia nyingi. Hata hivyo mtoto anayekosa hata hizo 5 ndiye mwenye njaa kuliko wote, na bajeti inapaswa kumhesabu tangu mwanzo, asilazimike kuomba mbele ya wenzake.