KAYA FUNGO: MJI ULIOLIPULIWA

Uko langoni mwa kaya kuu ya Wagiriama, mji wao wa jadi ndani ya msitu. Ndani ya msitu huu palikuwa na makao ya wazee, uwanja wa mashauri na fingo, kago lililofukiwa ardhini kuulinda mji.

1913
Waingereza walidai kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, alizunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu na kuwahimiza watu wakatae. Yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola waliwaleta hapa kula viapo: mukushekushe kwa wanawake, fisi kwa wanaume. Oktoba viongozi hao wawili walikamatwa, wakahamishiwa Kisii. Januari 1914 walitoroka, wakaanza safari ya kurudi pwani kwa miguu.

1914
Tarehe 4 Agosti, siku Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, Waingereza waliilipua kaya kwa baruti. Wagiriama wakapigana. Askari wa Waingereza walichoma nyumba zao na kuteka mbuzi. Masharti ya amani yalikuwa faini, wapagazi 1,000 kwa vita isiyowahusu, na kuondoka ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, kulikokuwa na ardhi yao yenye rutuba.

LEO
Tangu 2008 misitu ya kaya za Wamijikenda, ambao Wagiriama ni sehemu yao, imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wazee wa kaya huitunza pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Karibu. Ingia ukiongozwa na mzee wa kaya. Usikate mti wala kuokota kitu.