Mwenye Vyombo na Mpiga Besi: Tarehe ya Gitaa Moja katika Ng'ambo za Mombasa

Kijana apigaye besi leo katika kanisa la Magongo, au katika bendi ya hoteli ya Bamburi, anapotaka kununua gitaa huzungumza na wenzake habari za mbao, za nyuzi nne au tano, za nguvu ya amplifaya na za bei, na kwa jinsi mazungumzo hayo yalivyozoeleka mtu angedhani kwamba yamekuwako tangu siku ile gitaa la umeme liliposhushwa Kilindini. Lakini tukiirejea tarehe ya muziki katika ng'ambo tatu za Mombasa, yaani Likoni upande wa kusini, Kisauni upande wa kaskazini na Changamwe upande wa magharibi, twaona kwamba kwa muda mrefu mpiga besi hakuwa na la kuchagua, maadamu gitaa alilolishika halikuwa lake. Lilikuwa la mwenye vyombo. Huyu aghalabu alikuwa mwenye baa, au meneja wa hoteli, au tajiri wa mjini aliyeona faida katika harusi za watu. Yeye ndiye aliyekwenda dukani, ndiye aliyelipa, na ndiye aliyetia kufuli stoo baada ya dansi kwisha, ilhali mpigaji akirudi kwao na ujira wa usiku ule mfukoni na mikono mitupu.

Amma sauti nene yenyewe, hiyo ilikuwako pwani kabla ya waya na umeme. Katika chakacha ngoma iitwayo vumi ndiyo iliyoshika ardhi, na chapuo na msondo zikacheza juu yake. Na Wadigo wa Likoni na Mtongwe, katika sengenya yao, walizipanga ngoma kubwa na ndogo kwa kadiri ya sauti zake hata msikilizaji akapata wimbo katika ngozi tupu. Wapigaji wa ngoma hizo walikuwa karibu sana na vyombo vyao: aliyeipiga alimjua aliyeuchonga mzinga, na ngozi ilipolegea kwa unyevu wa usiku aliisogeza motoni yeye mwenyewe. Mwanamuziki wa kwanza katika ng'ambo hizi kupiga chombo ambacho hakukiunda, hakukinunua wala hakumjua aliyekiunda alikuwa, kwa dhana yangu, kijana wa Freretown.

Freretown, iliyo Kisauni, iliasisiwa mwaka 1875 na wamisionari wa Church Missionary Society (C.M.S.) iwe makao ya watumwa waliookolewa, ikapewa jina la Sir Bartle Frere, yule aliyetumwa Zanzibar mwaka 1872 kumshurutisha Sultani alifunge soko la watumwa. Vijana wa mji huo walifunzwa pamoja na kusoma na useremala nyimbo za kanisa na ala za shaba, na ala hizo zilikuwa mali ya misheni, ambayo kwa hivyo yastahili kuhesabiwa kuwa mwenye vyombo wa kwanza katika ng'ambo ya kaskazini. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma ya beni, ameonyesha jinsi mwambao wa Kenya ulivyoupokea muziki wa tarumbeta na gwaride na kuugeuza kuwa wake, hata mjini Mombasa wakazuka Kingi na Scotchi, vyama vilivyoshindana kwa sare, kwa karamu na kwa vyombo, na vilivyotumia fedha katika mashindano hayo kiasi cha kuwaudhi watawala na masheikh kwa pamoja. Si ajabu basi kwamba Freretown hiyo hiyo ndiyo iliyompa Mombasa Joseph Ngala, ambaye watu humwita Mzee Ngala, mpiga saksafoni aliyebuni mtindo wa bango. Na mwenye kutaka kusikia besi isiyo na haraka, inayoweka nafasi kati ya sauti na sauti kana kwamba inamsubiri mzee akae kitini, aitafute bango.

Gitaa la besi la umeme, kwa umbo tulijualo, lilitoka kwa Leo Fender huko California mwaka 1951. Mtu huyu alikuwa fundi wa redio na hakujua kupiga gitaa, jambo ambalo mimi naliona kuwa baraka, kwa sababu alikitazama chombo kwa jicho la mtu atakayekifungua na kukitengeneza: shingo akaifunga kwa parafujo nne tu badala ya kuigundisha kwa gundi, ili ikipinda ibadilishwe, na juu yake akatia vipingo vya chuma vinavyompa mpigaji sauti sahihi bila kubahatisha, ndiyo sababu gitaa likaitwa Precision. Nyuzi zake nne zilipandishwa sawasawa na zile za besi kubwa ya kusimama, ile ambayo vyama vikubwa vya taarabu vya Zanzibar vimeihifadhi hata leo. Kampuni ya Höfner ya Ujerumani nayo ikatoa katikati ya miaka ya 1950 besi yenye umbo la fidla, ndogo, nyepesi na yenye uwazi ndani. Mtu aliyewahi kupanda feri ya Likoni saa za jioni, akibanwa huku na baiskeli na huku na makapu ya nazi, hahitaji kuelezwa kwa nini besi inayobebeka begani ilikuwa bora kuliko ile inayomzidi mchukuzi wake kwa kimo.

Umeme katika gitaa la pwani ulitangulia besi. Fundi Konde, mwana wa Kilifi aliyetumikia jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kufika Burma, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kurekodi kwa gitaa la umeme, na santuri zake zilizoea kumwachia mpiga solo nafasi pana. Besi iliposhika mahali pake ilitoka upande wa Tanga zaidi kuliko upande wa Nairobi, nami nasema hivi kwa kuwa barabara ya Lunga Lunga iliwaleta Likoni vijana waliolelewa katika madansi ya Tanga, mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Wilson na George Kinyonga, ndugu wawili waliopitia Jamhuri na kisha wakaanzisha Arusha Jazz, walivuka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakatua Mombasa, na hapo ndipo bendi yao ya Simba Wanyika ilipopata jina. Katika nyimbo zao gitaa la ridhimu lilipigwa kwa wepesi na besi ikapewa ardhi yote, hata mtu aliyesimama nje ya ukumbi, asiyeyasikia maneno, aliweza kuutambua wimbo kwa besi peke yake. Mwaka 1978 kundi la wapigaji lilijitenga likawa Les Wanyika, na miongoni mwao alikuwamo mpiga besi Tom Malanga, ambaye kwa kadiri nijuavyo mimi hana mpinzani katika kunyamaza mahali panapostahili kunyamaziwa. Mafarakano ya namna hiyo yalikuwa mengi katika bendi za Afrika Mashariki, na hukumu yake ilikuwa moja: watu huondoka, vyombo hubaki kwa mwenyewe, na waliohama hulazimika kutafuta tajiri mpya kabla hawajatafuta wimbo mpya.

Upande wa Kisauni tajiri huyo alikuwa hoteli. Daraja la kuelea la Nyali lilikuwa limefunguliwa mwaka 1931, Nyali Beach Hotel ikafuata mwaka 1946, na baada ya uhuru ufuo wote hadi Shanzu ukajaa nyumba za wageni, kila moja ikitaka bendi ya kuwachezea watalii baada ya chakula cha usiku. Ndugu wa ukoo wa Harrison, waliotoka Kaloleni, walianza mwaka 1969 kwa jina la Avenida Success na baadaye wakajiita Them Mushrooms, na wimbo wao Jambo Bwana, uliotolewa mwaka 1982, ulizaliwa katika kazi hiyo ya hoteli. Kazi yenyewe ilikuwa na adabu zake. Mpiga besi wa hotelini alitakiwa apige waltz kwa wazee wa Kijerumani, rumba kwa watumishi walioshindwa kujizuia, regge kwa vijana na chakacha kwa wapiga picha, yote kwa gitaa moja na kwa sauti isiyowaamsha waliolala vyumbani. Na kwa kuwa hakuruhusiwa kuongeza nguvu alijifunza kuongeza uzito, akipiga kwa nyama ya kidole badala ya ukucha na akiuziba uzi kwa kiganja ili usivume kupita kiasi. Wapigaji wa Changamwe hawakupata malezi hayo. Huko, kwa wafanyakazi wa reli, wa bandari na wa kiwanda cha kusafishia mafuta kilichofunguliwa mwaka 1963, watu waliokuja kutoka Nyanza, Ukambani na Taita walitaka benga na twisti, na besi ya benga hukimbia.

Hapa yafaa tutue, maana adui mkubwa wa chombo katika ng'ambo hizi ni hewa yenyewe. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi hula chuma: uzi mpya wa besi, ambao katika nchi kavu ungedumu na mng'ao wake kwa miezi, hufifia sauti mapema sana ufuoni, na kwa kuwa seti ya nyuzi nne ina bei ya kumtoa jasho mtu wa kibarua, wapigaji wa kwetu kama wenzao wengi duniani walizichemsha katika sufuria ya maji ili kutoa uchafu na mafuta ya vidole, wakazikausha vyema na kuzirejesha. Mbao nazo hunywa unyevu wa masika na kuutema wakati wa kaskazi, shingo ikapinda na nyuzi zikainuka juu ya vipingo hata kidole kikauma. Dawa yake ni kile chuma kilichozikwa ndani ya shingo, ambacho hukazwa au hulegezwa kidogo kidogo, na ambacho fundi mwenye pupa amewahi kukikata katika magitaa mengi. Vitasa vya sauti huingiwa na kutu vikaanza kukwaruza. Ndiyo maana gitaa la parafujo nne lilifaa pwani kuliko gitaa la gundi, hata lililokuwa zuri zaidi kwa macho.

Umeme ulikuwa mtihani mwingine. Vyombo vilivyoundwa kwa soko la Marekani vilitaka volti 120, na umeme wa Kenya, kwa urithi wa Waingereza, ni volti 240, kwa hivyo amplifaya iliyotumwa na jamaa kutoka huko na kuchomekwa ukutani bila transfoma ilitoa moshi kabla ya kutoa sauti. Zile za Uingereza, na baadaye za Japani zilizotengenezewa nchi za nje, hazikuwa na udhia huo. Amplifaya za zamani zilikuwa na valvu za kioo ndani yake, ambazo haziupendi mkokoteni wala ule mteremko wa kushukia feri. Fauka ya hayo uzi mnene kabisa wa besi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, nusu ya ule wa gitaa la kawaida, na sauti ya chini kiasi hicho haisikiki uwanjani ila kwa spika pana na nguvu nyingi. Kampuni ya Ampeg ya Marekani iliijibu haja hii mwaka 1969 kwa amplifaya ya wati 300 na makasha ya spika nane nane, mzigo usiochukuliwa na mtu mmoja. Jibu la kwetu lilikuwa la useremala: spika zilinunuliwa tupu, na kasha likaundwa na fundi wa mtaani kwa mbao zilizopatikana, likatiwa vishikio vya chuma na rangi nyeusi.

Taarabu ya Mombasa iliipokea besi kwa njia yake. Matano Juma, katika zile santuri za miaka ya 1960 na 1970 zilizotolewa na kampuni za mjini kama Mzuri, aliweka kinanda cha umeme na besi palipokuwa pa udi, na Maulidi Juma na Zuhura Swaleh, ambao kazi zao zilitolewa London na kampuni ya GlobeStyle mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaipeleka chakacha katika harusi kwa vyombo vya umeme, besi ikifanya ile kazi ya vumi. Lakini kinanda kile kile kilichoikaribisha besi ndicho kilichokuja kuifukuza, kwa kuwa mkono wa kushoto wa mpiga kinanda haudai ujira wa pili. Baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997 watalii wakapungua, na hoteli zilizokuwa na bendi ya watu sita zikaona kwamba mtu mmoja mwenye kinanda chenye midundo tayari anawatosha wageni waliobaki. Mpiga besi akawa hana tajiri, na asiye na tajiri hana budi awe na gitaa lake.

Siku hizi makanisa ya Changamwe na Kisauni ndiyo shule kubwa ya besi, na nyimbo zao zimeleta haja ya uzi wa tano, wenye sauti ya chini kuliko ule mnene wa nyuzi nne, kwa kufuata mtindo wa injili wa Marekani na wa Afrika Kusini. Gitaa la nyuzi tano lina shingo pana na uzito zaidi, na spika iliyoitosheleza sauti ya 41 hutetema na kulalamika ikipewa ya 31. Kwa hivyo mpigaji wa harusi na hoteli, ambaye hana kwaya nyuma yake wala mafundi mitambo mbele yake, nashauri abaki na nyuzi nne, anunue gitaa la mkono wa pili la Yamaha au Ibanez ambalo shingo yake ameitazama kwa urefu kama mtu alengaye bunduki, avizungushe vitasa vyote huku limechomekwa, apige kila kipingo kwa kila uzi asikie kama pana panapokwaruza, na fedha itakayosalia aitie katika amplifaya, ambayo muuzaji atataka kuizima haraka na mnunuzi yampasa kuiacha iwake kwa muda wa kutosha ipate moto.