MAGOFU NA UDONGO: ALAMA ZILIZOACHWA BIHARAMULO NA NGARA

Historia ya Kanisa haimo katika vitabu vya ubatizo peke yake. Imo pia ardhini: katika kuta zilizoachwa, misingi iliyofunikwa na nyasi na mashimo yasiyo na mwenyewe. Katika wilaya za Biharamulo na Ngara alama hizo ni za namna mbili. Yapo majengo yaliyojengwa ili yadumu, na yapo yaliyojengwa kwa haraka ili watu wapone.

Boma la Biharamulo

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga boma Biharamulo, lenye kuta nene, kama mjenzi asiyetazamia kuondoka. Mwananchi aliyeitwa bomani alijua kwamba anaitwa kwa ajili ya kodi, shauri au kazi. Katika kipindi hicho hicho, mwaka 1910, wamisionari wa Bethel walianza kazi Bukoba.

Mwezi Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yalitwaa Biharamulo. Utawala uliojengewa kuta za kudumu ulikuwa umekaa ndani yake kwa muda usiofikia miaka 20. Vita hiyo iliwaondoa pia wamisionari. Hata hivyo, Wakristo wenyeji wa Buhaya waliendelea kukusanyika, kusoma Neno na kuomba. Nyumba zao za ibada zilikuwa za miti, udongo na nyasi, na nyumba ya namna hiyo haimalizi kizazi kimoja isipoezekwa upya. Hivyo kuta za watawala zilibaki bila watawala, na waumini walibaki bila kuta zao za kwanza.

Benaco

Huko Ngara, jina Benaco lilitokana na kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake mahali hapo. Kampuni ilikwisha kuondoka, jina likabaki. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 Wanyarwanda waliokimbia walivuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera. Kadirio lililotolewa wakati ule na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa watu 250,000 kwa muda wa saa 24. Vibanda vya miti na maturubai vilifunika vilima, na misitu ilikatwa kwa kuni. Lumasi, Musuhura na Lukole nako makambi yalifunguliwa.

Shirika la TCRS, lililoundwa mwaka 1964 kwa msaada wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, lilikuwa miongoni mwa waliohudumu. Huduma hiyo ilikuwa na jaribu zito. Chini ya turubai moja na moja walilala wasio na hatia na wenye damu mikononi, na baadhi ya walioongoza mauaji waliendelea kuwa na mamlaka makambini. Kikombe cha maji hakikuweza kuwatenga.

Desemba 1996 Serikali ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, wakarudishwa na vyombo vya dola. Waliorejea walikaribia nusu milioni. Nyuma yao mvua iliyeyusha udongo, mchwa walikula miti, nyasi zikaota. Mpita njia huona kijani kinachopendeza macho. Lakini kijani hicho kimefunika pia makaburi, na maswali ambayo hayajajibiwa.

Fundisho kwa Kanisa

Katika Yoshua sura ya 4, Waisraeli waliagizwa kusimamisha mawe 12 ili watoto wao waulize maana yake. Mawe hayakupewa kazi ya kujibu. Kazi hiyo walipewa wazazi. Ukubwa wa gofu si kipimo cha yaliyotendeka hapo: boma la watu wachache lilidumu, na makazi ya mamia ya maelfu yalirudi kuwa udongo kwa misimu michache.

Kwa hiyo usharika unaotimiza miaka 100 una deni kwa wazee wake walio hai. Waulizwe na yaandikwe: nani aligawa shamba lake kwa wageni, nani alinyimwa, nani aliogopa na akanyamaza. Na pale kilipokuwa kibanda cha kwanza cha ibada, ambacho hakikuacha hata jiwe, pawekwe alama, pamoja na majina ya walioezeka paa lake.