Maikrowevu ikikataa kuwaka

Tanuri ya maikrowevu ikizima ghafla, usikimbilie bisibisi. Chomoa plagi yake, kisha uchomeke pasi katika soketi iyo hiyo. Pasi isipopata moto, hitilafu ni ya soketi au nyaya za nyumba. Ikipata moto, kagua fyuzi iliyo katika plagi ya tanuri, ambayo kwa kawaida huwa ya ampea 13. Fyuzi mpya ikiungua papo hapo, usitie ya tatu, mwite fundi.

Huenda tanuri ina umeme lakini haianzi kupika. Aghalabu mlango haujafunga barabara, kwani komeo lake sharti libonyeze swichi zilizofichwa ndani.

Taa ikiwaka na sahani ikizunguka, ilhali chakula ki baridi, kasoro imo ndani, pengine kwenye magnetroni, kifaa kitoacho mawimbi yanayopasha chakula moto. Hapo ndipo mwenye nyumba akome. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240, lakini kapasita ya tanuri hii hubeba zaidi ya volti 2,000, na huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Mafundi nao wamewahi kuuawa nayo. Kabla ya kumkabidhi fundi yeyote kazi hiyo, mwulize ataitoaje chaji hiyo.