Ming Sum: Shule ya Wasioona ya Guangzhou Tangu 1889

Shule ya Qiming, shule ya serikali ya watoto wasioona mjini Guangzhou, huhesabu umri wake kuanzia mwaka 1889. Huo ni mwaka mmoja kabla Zanzibar haijawekwa chini ya himaya ya Uingereza. Tangu hapo mji huo wa kusini mwa China umepitia kuanguka kwa ufalme, jamhuri, uvamizi wa Wajapani na mapinduzi ya Wakomunisti, na ndani ya mitikisiko yote hiyo kazi ya kuwafundisha wasioona ilipata watu wa kuishika. Historia hii ni ya watu hao. Baadhi yao majina yao yameandikwa vitabuni, na wengi hayakuandikwa.

Mwanzoni shule haikuitwa Qiming. Iliitwa Ming Sum kwa matamshi ya Kikantoni, maana yake moyo ulioangazwa. Wachina wa kaskazini husema Mingxin. Wageni nao waliuita mji wenyewe Canton.

Mwanzilishi wake alikuwa daktari wa Kimarekani, Mary West Niles, aliyezaliwa Wisconsin mwaka 1854. Alihitimu udaktari New York mwaka 1882, na mwaka huohuo akashuka Canton, ametumwa na Misheni ya Presbiteri. Alikwenda kufanya kazi katika hospitali iliyokuwa tayari na jina kubwa. Peter Parker aliifungua mwaka 1835 kama hospitali ya macho, na wagonjwa walifika kwa wingi hata waliokuwa wakiwatilia shaka wageni wakalegea. Niles alipofika, hospitali ilikuwa mikononi mwa Dakta John Kerr. Sun Yat-sen, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa muda wa jamhuri, alisomea udaktari hapo kwa muda mwaka 1886.

Daktari mwanamke alihitajika mno. Wanawake wengi wa Canton hawakukubali kuguswa na tabibu mwanamume, na wengine walikuwa radhi wafe kuliko kupimwa naye. Niles akapewa wodi ya wanawake, akazalisha, akapasua, akaitwa hata majumbani mwa wakubwa wa serikali. Na kwa kuwa alikuwa anaingia ndani ya nyumba, aliona kilichokuwa kimefichwa humo: wasichana wasioona.

Upofu ulikuwa mwingi kwa sababu magonjwa yaliyouleta yalikuwa mengi. Ndui iliua, na baadhi ya waliopona iliwaacha vipofu. Trakoma ilienea kutoka jicho hadi jicho kwa taulo moja ya familia. Watoto wachanga walipata maambukizi ya macho siku za kwanza za uhai wao. Mvulana asiyeona angeweza kujifunza uaguzi na kupata riziki yake. Msichana wa familia maskini alikuwa na njia nyembamba zaidi. Kulikuwa na watu waliowanunua wasichana wa namna hiyo wangali wadogo, wakawafundisha nyimbo na ala, na kila jioni wakawaongoza mitaani na kwenye nyumba za starehe waimbe kwa malipo. Fedha ilikwenda kwa mwenye kuwamiliki. Aliyewakodi kwa wimbo mara nyingi alidai na zaidi ya wimbo, nao hawakuwa na wa kumkimbilia.

Shule husimulia kwamba mwaka 1889 mtoto mmoja wa kike asiyeona aliokotwa kwenye jalala akaletwa hospitali. Niles akamchukua. Habari ikasambaa, wakaletwa wengine, na mara daktari akajikuta na watoto ambao dawa haikuwa na la kuwafanyia tena. Macho yao yalikuwa yamekwisha kuharibika. Walichohitaji ni chakula, malezi na kitu cha kufanya na maisha yao, mambo ambayo hakuna chuo cha udaktari kilichomfundisha.

Hapa ndipo anapoingia mtu ninayemheshimu kuliko wote katika historia hii. Mwalimu wa kwanza wa watoto hao hakuwa Niles. Alikuwa mwanamke wa Kichina, naye mwenyewe haoni, aliyelelewa na kufundishwa Hong Kong katika kituo cha wamishonari wa Kijerumani waliokusanya watoto waliotupwa. Alijua kusoma kwa vidole na alijua kufuma. Vitabu vinavyomsifu daktari humtaja yeye kwa sentensi moja na kupita. Lakini hebu fikiri: mtoto aliyeambiwa tangu azaliwe kwamba yeye ni mzigo, akaketi mbele ya mtu mzima asiyeona kama yeye, naye anasoma, anafuma, anatoa amri darasani na anaheshimiwa. Hakuna mgeni mwenye macho mawili ambaye angeweza kulifundisha somo hilo.

Kusoma kwenyewe kulihitaji kazi ya ziada. Nukta nundu alizotunga Louis Braille huko Paris akiwa kijana wa miaka kumi na mitano ni nukta sita tu, safu mbili za nukta tatu tatu, zinazopangwa ili kuwakilisha herufi. Kichina hakina herufi. Kina maelfu ya alama, kila moja na sura yake, na huwezi kuzigeuza zote kuwa nukta chini ya ncha ya kidole. William Murray wa Beijing alikwisha kuwatungia wasioona mfumo, lakini ulifuata matamshi ya kaskazini, na mtoto wa Canton angeusoma asielewe kitu. Niles akazipanga nukta zifuate sauti za Kikantoni. Kwa hiyo mtoto aliandika kile alichokisikia nyumbani kwao, kwa lugha aliyoitwa nayo na mama yake.

Anayeandika kwa mkono hutumia kibao chenye vijidirisha na kijisindano butu. Karatasi hubanwa ndani ya kibao, kisha nukta hutobolewa kutoka nyuma, moja moja, kuanzia kulia kwenda kushoto. Ukimaliza unaigeuza karatasi, na maandishi sasa yanasomeka kutoka kushoto kwenda kulia. Yaani mwandishi huandika kinyumenyume kila wakati, akishika kichwani jinsi nukta zitakavyokaa upande wa pili. Yeyote aliyemtazama mwanafunzi wa nukta nundu akinakili imla kwa kasi ya mwalimu anajua hiyo ni akili ya namna gani.

Mwaka 1899 Niles aliacha kazi ya hospitali ili aitumikie shule. Alikuwa daktari mwenye uzoefu wa miaka kumi na saba, katika mji ambao madaktari wanawake walihesabika kwa vidole. Wapo watakaosema alipoteza taaluma yake. Mimi nasema alikuwa sahihi. Hospitali ilikuwa na wengine wa kuiendesha, na wasichana wale hawakuwa na mtu.

Baadaye shule ikahamia Fangcun, ng'ambo ya mto, upande ambao Kerr alikuwa amefungua mwaka 1898 hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza ya aina yake nchini China. Hospitali hiyo ipo hadi leo, na barabara inayoihudumia inaitwa Mingxin.

Fedha haikutoka mahali pamoja. Misheni ilimlipa daktari, lakini ujira wa mtu mmoja haulishi bweni zima. Michango ilitoka makanisani Marekani, hasa kwa vikundi vya wanawake vilivyokusanya sarafu mwaka hadi mwaka kwa ajili ya watoto ambao hawangewaona kamwe, na kwa marafiki waliosoma barua kutoka Canton. Wasaidizi wengine walikuja wenyewe. Lucy Durham ndiye aliyekuja kushika uongozi pamoja na Niles na baada yake. Wasichana nao walichangia kwa mikono yao, wakifuma nguo za sufu zilizouzwa. Waliofanya vizuri darasani wakafundishwa ualimu, wakabaki kuwafundisha wadogo zao.

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya ufalme kuanguka. Serikali mpya ya Canton ilitaka kufuta biashara ya wasichana waimbaji wasioona. Mwaka 1912 polisi wakawakusanya mitaani na kuwakabidhi Ming Sum kwa makumi, serikali ikitoa fedha za kuwatunza. Ghafla shule ya watoto ikapokea wasichana wakubwa waliozoea kulala mchana na kukesha usiku, wasiojua kazi nyingine, na ambao hakuna aliyewauliza kama walitaka kuja. Waliofundisha wakati huo walikuwa wakifundisha nidhamu ya bweni na kuponya majeraha kwa wakati mmoja. Lakini tendo hilo lilikuwa na maana nyingine pia: serikali ya Wachina ilikiri kwamba wasichana hawa ni jukumu lake, na ikalipia.

Niles alistaafu mwaka 1928, baada ya miaka arobaini na sita nchini China, na akafariki California mwaka 1933. Miaka mitano baadaye, Oktoba 1938, Wajapani wakauteka mji. Oktoba 1949 Jeshi la Ukombozi la Wakomunisti likaingia. Mwishoni mwa 1950 serikali mpya iliamua kuzichukua taasisi zilizotegemea fedha za Marekani, na wamishonari wakaondoka. Shule ikawa ya umma. Mwaka 1952 Huang Nai, mwanamapinduzi aliyepoteza uwezo wa kuona, alitunga mfumo mpya wa nukta nundu kwa Kichina cha taifa, nao ukaenea shule zote za nchi. Kikantoni cha Niles kikaondoka madarasani. Naamini kwamba katika hilo mtoto wa Guangzhou alipata vitabu vingi zaidi na akapoteza sauti ya nyumbani, na yote mawili yahesabiwe.

Mji huo haukukoma kutafuta msaada wa kujitolea kwa watoto wenye ulemavu. Mwaka 1985 Meng Weina, mkazi wa Guangzhou, alifungua shule ya Zhiling kwa watoto wenye ulemavu wa akili, akisaidiwa na shirika la Caritas la Hong Kong. Ilikuwa miongoni mwa shule binafsi za kwanza za aina hiyo nchini, wakati ambapo mtoto wa namna hiyo alifungiwa ndani na jirani asijue kama yupo. Mwaka 1990 akaanzisha Huiling, iliyoenea katika miji mingine ya China. Safari hii mwenyeji ndiye aliyeanza, na watu wa nje wakaja kumsaidia.

Nasi Afrika Mashariki tuna shule za wasioona za namna hii zilizoanzishwa na wageni. Ile ya Thika, Kenya, ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na ile ya Buigiri, Dodoma, na Waanglikana mwaka 1950. Zote zimeendelea kuishi baada ya waanzilishi wao kwenda zao, kwa sababu wenyeji walizichukua, na miongoni mwa wenyeji hao wamo walimu wasioona waliosoma kwenye mabenchi yaleyale.

Kwa hiyo wewe unayefikiria kujitolea katika shule ya watoto wenye ulemavu, iwe Guangzhou ambako ndugu zetu wengi wanafanya biashara au iwe mkoani kwako, usiende na zawadi na kamera kwa siku moja. Muulize kwanza mwalimu anahitaji nini. Jifunze nukta nundu au lugha ya alama hata kidogo kabla hujafika. Na kama una fedha ya kutoa, mlipie ada ya chuo cha ualimu mwanafunzi mmoja asiyeona, arudi kufundisha.