Hatari za viashiria vya wizi katika biashara ya sarafu

Mkulima wa Ndanai, Kaunti ya Bomet, anayetaka kuizalisha bonasi ya majani chai katika biashara ya sarafu mtandaoni, hukutana mapema na viashiria. Hizi ni programu ndogo zinazokokotoa mwenendo wa bei na kuuchora juu ya chati. Baadhi huuzwa ghali, na nakala zilizodukuliwa husambazwa bure au kwa bei ya kutupa.

Hatari ya kwanza ni usalama. Katika MetaTrader 4, iliyotolewa mwaka 2005, kiashiria huwekwa ndani ya programu ileile inayofungulia akaunti ya mteja. Kikipewa ruhusa ya kutumia faili za DLL, chaweza kuendesha amri za siri kwenye kompyuta, hata za kuiba nywila.

Ya pili ni udanganyifu. Vipo viashiria vinavyobadilisha ishara zake za awali baada ya bei kusonga, hivyo chati ya jana huonekana haikukosea. Aliyepata nakala ya wizi hana muuzaji wa kumuuliza wala wa kumdai.

Tatu, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 hulinda programu za kompyuta.

Wizi huo hauna hata haja. RSI, kiashiria alichokitangaza J. Welles Wilder mwaka 1978, kimo ndani ya MetaTrader bila malipo. Muhimu zaidi ni kuthibitisha kwamba wakala ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA), kwa mujibu wa kanuni za 2017.